UZI: Msimwite mchawi. Dhyan Chand alikuwa fundi wa mpira wa magongo

#1 Mzee wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum, habari za jioni.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Nilitaka niuweke tarehe 29 Agosti, siku aliyozaliwa mwenyewe, nikapitiwa. Leo nimetulia na chai ipo, kwa hiyo nauandika wote. Ni mrefu, nitauweka vipande vipande. Mwenye swali aulize hapahapa, nitamjibu.

Nilikulia Tanga, Chumbageni. Karibu na kwetu palikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi. Juu ya meza ya kupimia alitundika picha ya zamani ya timu, wanaume wameshika magongo, wamevaa suruali fupi pana. Siku moja nimetumwa uzi na vifungo, akaniona naikodolea macho. Akamwekea kidole mmoja aliyekaa katikati, akaniambia, "Huyu jadugar. Kiswahili, mchawi."

Mimi mtoto wa Tanga neno mchawi nalijua kwa maana moja tu. Nilikimbia na chenji sikuchukua. Kwa miezi kadhaa nikitumwa pale nanunua nimesimama mlangoni, macho chini, nisiitazame ile picha.

Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kwa Kihindi jadugar ni mtu wa mazingaombwe, na kwamba dunia nzima ilimwita hivyo: mchawi wa magongo. Nimesoma habari zake miaka mingi tangu hapo, na kadiri ninavyosoma ndivyo jina hilo linavyonikera. Ukimwita mtu mchawi umemaliza. Huna haja tena ya kuuliza alilala saa ngapi, alifundishwa na nani, alijaribu mara ngapi akashindwa. Sisi kwenye mpira wetu tuna neno zuri zaidi, tunasema "huyu ni fundi". Fundi amejifunza kazi. Hilo ndilo nataka kulitetea hapa.

Jina la kuzaliwa ni Dhyan Singh. Alizaliwa Allahabad mwaka 1905. Baba yake, Someshwar Singh, alikuwa askari katika jeshi la Waingereza nchini India, naye akicheza magongo jeshini. Maisha ya mtoto wa askari mnayajua: kila baba akihamishwa mnafunga mizigo. Dhyan alisoma miaka sita tu shuleni. Mwishowe familia ikatulia Jhansi, na Jhansi ndiyo ikawa kwao mpaka kifo.

Utotoni hakuwa na habari na magongo. Alipenda mieleka. Gongo alilishika kwa bidii baada ya kuingia jeshini mwaka 1922 kama askari wa kawaida kabisa. Pale kikosini alikuwepo Bale Tiwari, mwenye cheo cha Subedar-Meja, cheo cha juu cha askari Wahindi, mpenzi mkubwa wa mchezo huo, ndiye aliyemwonyesha hatua za mwanzo.

Sasa kumbukeni, askari mchana ana kazi zake: gwaride, lindo, usafi wa silaha. Kiwanja hakikuwa na taa. Kijana akawa anasubiri zamu iishe na mwezi uchomoze, kisha anatoka peke yake na gongo na mpira. Wenzake wakaanza kumwita Chand, yaani Mwezi. Hilo jina tunalolisoma leo kwenye kuta za viwanja ni jina la utani la mtu aliyekuwa akifanya mazoezi usiku wenzake wamelala.

Naendelea baada ya swala.

#2 Kijana wa Ilala

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali la haraka: na ile habari ya gongo lenye sumaku? Nilisikia Waholanzi walilivunja waone ndani kuna nini.

#3 Mzee wa Chumbageni

Kijana wa Ilala, hiyo inasimuliwa sana. Uholanzi ni sumaku, Japani ni gundi. Ni ngano, na ndizo hasa zinazonisukuma kuandika. Lakini ngano nayo huwa na mzizi wake, basi tuutazame.

Gongo la magongo lina uso mmoja bapa na mgongo wa mviringo. Sheria inakuruhusu kutumia uso bapa tu. Maana yake mpira ukiwa kulia kwako maisha ni rahisi, ukienda kushoto lazima uligeuze gongo juu chini kwa kifundo cha mkono ili uso bapa uukute mpira. Beki anajua hivyo, kwa hiyo anakusukumia upande wako dhaifu. Wachezaji wa India waliufanya ule mgeuzo kuwa kitu kimoja na kukimbia kwenyewe: kulia, kushoto, kulia, mpira hauachani na gongo hata inchi mbili. Mtu aliyezoea kuona mpira unapigwa mbele kisha unafukuzwa, akikutana na kitu hicho kwa mara ya kwanza, anaona umegandishwa.

Viwanja vyenyewe vilikuwa vya udongo mgumu na nyasi za mabaka. Mpira unaruka unavyotaka. Ukiweza kuutuliza pale, ukipelekwa kwenye nyasi zilizonyolewa vizuri Ulaya unajiona umeandaliwa zulia.

Tuendelee. Shirikisho la magongo la India liliundwa mwaka 1925. Mwaka uliofuata timu ya jeshi ikapelekwa New Zealand. Mechi 21, wakashinda 18, sare 2, wakapoteza 1. Dhyan alipanda meli askari wa kawaida, aliporudi akapandishwa cheo kuwa Lance Naik, ngazi ya chini kabisa ya wenye vyeo. Kwa ziara ile yote aliyoifanya, alipata utepe mmoja begani.

Kisha Olimpiki ya Amsterdam, 1928. Timu inaondoka Bombay, waliokuja bandarini kuiaga ni watu watatu tu! Nahodha alikuwa Jaipal Singh, mtu wa kabila la Wamunda kutoka upande wa Ranchi, India, aliyesoma Oxford, mtu anayestahili uzi wake mwenyewe. Matokeo nayaandika kama yalivyo: Austria 6-0, Ubelgiji 9-0, Denmark 5-0, Uswisi 6-0, na fainali ya tarehe 26 Mei dhidi ya wenyeji Uholanzi 3-0. Mabao 29, golikipa wao Richard Allen hakuokota mpira wavuni hata mara moja. Dhyan peke yake mabao 14. Siku ya fainali Jaipal hakuwepo tena kikosini, na wachezaji kadhaa walikuwa wagonjwa.

Waliporudi Bombay bandari ilijaa watu, na meya wa jiji akawapokea. Halafu askari akarudi kazini. Alipelekwa Waziristan, mpaka wa kaskazini-magharibi, milimani kwenye mapigano.

#4 Nyamisati

Asante mleta uzi, unaandika vizuri. Lakini naomba tuwe wakweli. Miaka ile nani alikuwa anacheza magongo? Waingereza waliobuni mchezo hawakuwepo Amsterdam. Na Los Angeles 1932 timu zilikuwa tatu tu. Kumfunga Marekani 24-1 ni sifa gani kwa mtu anayeitwa bora wa karne?

#5 Mzee wa Chumbageni

Nyamisati, umegusa penyewe, na nakujibu bila kumkwepa mtu.

Ni kweli, Los Angeles zilikuwa timu tatu: India, Japani, Marekani. Dunia ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, safari ya California ilikuwa ghali, Ulaya haikuja. India wenyewe walikopa fedha benki ili wasafiri. Walitoka Colombo tarehe 30 Mei, wakafika bandari ya San Pedro tarehe 6 Julai, mazoezi wanafanyia juu ya sitaha ya meli. Wakaifunga Japani 11-1, kisha Marekani 24-1. Katika yale 24, mdogo wake Roop Singh alifunga 10, yeye Dhyan 8. Mimi mwenyewe siihesabu mechi ile kuwa kipimo cha chochote. Wamarekani walikuwa wanaujifunza mchezo.

Jambo ninalolihesabu mwaka ule ni jingine. Shirikisho liliandaa mashindano ya majimbo ili lichague timu. Dhyan alikuwa Bannu, hukohuko mpakani, kikosi chake kikamkatalia ruhusa. Shirikisho likamwingiza kwenye timu bila mchujo wakati wenzake wote wanagombea nafasi uwanjani. Na alipochaguliwa kwenda Berlin miaka minne baadaye ikatokea hivyohivyo, kikosi kikamnyima ruhusa, akachaguliwa bila kujaribiwa. Viongozi wa magongo walimjua ni nani. Kwa jeshi lake aliendelea kuwa askari wa zamu.

Baada ya Los Angeles hawakurudi moja kwa moja, walizunguka nchi nyingi wakicheza ili walipe deni. Hesabu ya safari nzima: mechi 37, ushindi 34, sare 2, moja haikumalizika. Mabao 338, yake 133. Mwaka 1935 akapewa unahodha wakaenda New Zealand na Australia, mechi 48 wakashinda zote, mabao 584, yake 201. Huko Adelaide Don Bradman, mkubwa wa kriketi, alimtazama Dhyan akicheza, akashangaa kuona mabao yanahesabika kama mikimbio ya kriketi.

Kuhusu Waingereza: unasema kweli, hawakuja 1928, wala hawakukutana na India kwenye Olimpiki yoyote mpaka 1948. Wengi waliamini hawakutaka kufungwa na koloni lao hadharani. Walipokutana hatimaye ilikuwa fainali ya London, 12 Agosti 1948, India wakiwa huru. India wakashinda 4-0. Dhyan alikuwa ameshastaafu mechi za mashindano, lakini wale vijana walikuwa zao lake.

Kipimo halisi anachostahili kupimiwa ni Berlin. Hapo naomba mnipe nafasi.

#6 Mama Rukia

Tunasubiri Berlin baba. Nimemsomea mjukuu wangu sehemu ya mwezi, amefurahi sana.

#7 Mzee wa Chumbageni

Mama Rukia, shikamoo. Msomee na hii.

Berlin, 1936. Dhyan ni nahodha, ana miaka karibu 31. Walipofika wakacheza mechi ya kirafiki na Wajerumani tarehe 17 Julai. Wakafungwa 4-1. Hawa ni watu wasiojua kufungwa. Dhyan aliandika baadaye kwamba hataisahau mechi ile akiwa hai, na kwamba usiku ule hawakupata usingizi.

Hapa ndipo nataka mtazame. Mchawi angefanya nini? Fundi alifanya hivi: walikaa wakatafuta kilichopungua, wakaona safu ya ushambuliaji haina mtu wa kuunganisha kulia, wakapeleka simu India aletwe Ali Dara haraka. Dara akaja kwa ndege, mwaka 1936, safari ya ndege kutoka India hadi Ujerumani! Akawahi nusu fainali.

Hungary 4-0. Marekani 7-0. Japani 9-0. Nusu fainali na Ufaransa 10-0. Fainali na Ujerumani ilipangwa tarehe 14 Agosti, mvua ikanyesha, ikasogezwa 15.

Asubuhi ile chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimya. Kumbukumbu ya 4-1 ilikuwa bado kooni. Msaidizi wa msimamizi wa timu, Pankaj Gupta, akatoa bendera ya rangi tatu ya chama cha Congress, bendera ya wapigania uhuru. Rasmi walikuwa wanacheza chini ya bendera ya mtawala. Wakasimama, wakaipigia saluti ile ya rangi tatu, wakatoka uwanjani. Kati yao walikuwemo askari wa jeshi la Mfalme, na nahodha alikuwa mmoja wao. Sijui niwaeleze vipi ninavyojisikia kila nikifika hapa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu, uwanja umelowa, wanateleza. Mapumziko India 1, Ujerumani 0. Kipindi cha pili Dhyan akavua viatu vyake vya njumu, akaingia na mpira kana kwamba amerudi Jhansi. Mabao yakaanza kumiminika. Wajerumani wakaanza kucheza miili. Golikipa wao, Tito Warnholtz, akagongana na Dhyan, Dhyan jino likamtoka.

Alitoka akatibiwa, akarudi. Wenzake walikuwa na hasira wanataka kulipiza. Akawakataza, akawaambia wawafundishe hawa watu kumiliki mpira. Basi wakawa wanaupeleka mpira mpaka kwenye duara la kufungia, mbele ya lango kabisa, halafu wanaugeuza wanarudi nao nyuma. Wanaupeleka tena, wanaurudisha tena. Wajerumani wanakimbia, wanaangalia, hawaelewi kwa nini hawafungwi.

Mwisho 8-1. Katika mashindano yote India walifunga 38 wakafungwa lile moja tu.

#8 Kijana wa Ilala

Nimesisimka mwili mzima. Na Hitler je? Si inasemekana alimwita akampa cheo cha kanali ili ahamie Ujerumani, akakataa?

#9 Mzee wa Chumbageni

Hiyo nayo naiweka kwenye kapu moja na sumaku. Imeenea mno, na naelewa kwa nini watu wanaipenda, mnyonge kumkatalia dikteta uso kwa uso. Lakini haina ushahidi wa kusimama nao, na mimi naona inamshusha. Tunayo bendera ya chumbani, ambayo ni ya kweli. Tunayo ile ya kurudisha mpira nyuma baada ya kuvunjwa jino. Tunamhitaji Hitler wa nini hapo?

#10 Kisauni Kwetu

Mleta uzi heshima yako. Mimi ni wa Mombasa. Babu yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini, alikuwa akisema kuna mwaka Wahindi walijaa gatini na mashada ya maua wakipokea wachezaji kutoka kwao. Sijawahi kujua ni kina nani. Isijekuwa ndio hawa?

#11 Mzee wa Chumbageni

Kisauni Kwetu, Mungu akubariki. Nilikuwa nakuja hapo.

Vita vya pili vya dunia vilimla miaka yake. Olimpiki ya 1940 haikuwepo, ya 1944 haikuwepo. Kutoka miaka 31 mpaka 40 mchezaji yule hakuwa na jukwaa. Kisha ukaja uhuru, 15 Agosti 1947, tarehe ileile ya fainali ya Berlin, miaka kumi na mmoja baadaye. Pamoja na uhuru ukaja mgawanyo, damu, treni za wakimbizi. Timu ikakatika vipande viwili. Dara, yule aliyeletwa kwa ndege, akawa nahodha wa Pakistan mwaka 1948.

Katikati ya mambo hayo, chama cha michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki kikaandika India kuomba timu ije kucheza huku. Kiliweka sharti moja: Dhyan Chand asipokuwepo, timu isije. Alikuwa na miaka 42. Wakamfanya nahodha. Walikusanyika Bombay mwezi Novemba, wakafika Mombasa tarehe 15 Desemba 1947.

Kwa hiyo babu yako huenda alimwona akishuka ngazi, kaka. Mtu mfupi, mkimya.

Alicheza mechi 22 akafunga mabao 61. Miaka 42, jamani. Lakini si mabao ninayotaka kuwaachia. Nataka kuwaachia pasi moja.

Katika ziara ile alikuwepo kijana K.D. Singh, anayeitwa Babu, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa India waliochukua dhahabu Helsinki 1952. Alikuwepo pia Keshav Dutt, beki wa kiungo, dhahabu mbili za Olimpiki, na ndiye aliyesimulia. Mechi inaendelea, Dhyan akampenyezea Babu mpira katikati ya mabeki. Mpira ulipoacha tu gongo lake, akageuka, akalipa lango mgongo, akaanza kutembea kurudi katikati ya uwanja. Hakuangalia. Baadaye wakamuuliza mbona uligeuka? Akajibu kwamba kama Babu asingefunga kwa pasi ile, hakustahili kuwa kwenye timu yake.

Dutt alisema kipaji cha Dhyan kilikuwa juu ya mabega, kichwani. Aliuona uwanja kama mcheza sataranji anavyoiona meza yake. Ule mpira uliomganda watu wakatafuta sumaku ndani ya gongo, kumbe hata hakuwa anaukalia sana. Alijua dakika ya kuutoa.

Na jambo hilo lilitokea huku kwetu, Afrika Mashariki, sio Amsterdam wala Berlin.

#12 Kisauni Kwetu

Natetemeka nikiandika. Ngoja nimpigie mama yangu simu.

#13 Simba wa Parklands

Salamu kutoka Nairobi. Uzi huu umenipata penyewe, nimecheza magongo City Park ujana wangu wote. Niongeze kidogo kwa ajili ya vijana. Mbegu ile haikuanguka kwenye mawe. Miaka tisa baada ya ziara, Kenya ilicheza magongo Olimpiki ya Melbourne 1956. Avtar Singh Sohal alituwakilisha Olimpiki nne, 1960 hadi 1972. Na 1971, Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo, Barcelona, Kenya tulishika nafasi ya nne. Mechi ya kutafuta wa tatu tulicheza na India wenyewe, wakatushinda 2-1 kwa muda wa ziada. Muda wa ziada, ndugu zangu. Uganda nao walikuwa Munich 1972.

Siku hizi ukiwaambia watu Kenya iliwahi kuwa ya nne duniani katika mchezo wowote wa timu wa kutumia mpira, wanafikiri unatunga.

#14 Nyamisati

Simba wa Parklands, shukrani. Na sisi Tanzania tulikuwa Moscow 1980. Wengi tunaikumbuka kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kwenye magongo India ilitufunga 18-0. Baba alikuwa akisikiliza redio, hakusema kitu, akaizima.

#15 Mzee wa Chumbageni

Nyamisati, hiyo inaniuma mpaka leo, tena inaniuma kwa sababu wachezaji wetu walikwenda kwa moyo safi. Mchezo ulikuwa umekaa miaka mingi ndani ya vilabu vya jamii moja. Watu wa jamii hiyo walipoanza kuhama kwa wingi miaka ya 60 na 70, waliondoka na magongo yao, na huku nje hapakuwa na shule wala viwanja vilivyokuwa vimeandaliwa kuupokea. Hata Kenya, iliyokuwa juu vile, ilishuka kwa sababu hiyohiyo. Simba wa Parklands atanisahihisha kama nimekosea.

#16 Simba wa Parklands

Hujakosea.

#17 Mzee wa Chumbageni

Kipande cha mwisho, nacho sikipendi kukiandika.

Alistaafu jeshi mwaka 1956 na cheo cha meja, na mwaka huohuo serikali ikampa nishani ya Padma Bhushan. Akafundisha makocha kwenye taasisi ya michezo ya Patiala. Kisha akarudi Jhansi. Alipenda kuvua samaki, alipenda kupika.

Mwaka 1975, Kuala Lumpur, fainali ya Kombe la Dunia, India na Pakistan. Bao la ushindi wa 2-1 lilifungwa na Ashok Kumar. Ni mwanawe wa kumzaa. Baba alikuwa hai, alisikia.

Mwaka mmoja baadaye Olimpiki ya Montreal ikachezwa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Mpira unateleza kwa kasi sawa kila mahali, nguvu na mbio zikawa na thamani kuliko ule utulivu wa gongo uliojengwa kwenye udongo. India, waliokuwa na dhahabu saba wakati huo, walimaliza wa saba. Na hilo nalo alilisikia.

Alikuwa na saratani ya ini. Alipelekwa hospitali Delhi, akalazwa wodi ya kawaida pamoja na wagonjwa wengine, mtu ambaye nchi ilikuwa haijajulikana kama nchi alipoipatia dhahabu tatu. Alifariki tarehe 3 Desemba 1979. Mwili ukarudishwa Jhansi, ukachomwa kwa taratibu za dini yao palepale kwenye kiwanja cha magongo.

Sasa hivi tarehe 29 Agosti ni siku ya taifa ya michezo India. Uwanja mkubwa wa Delhi una jina lake tangu 2002, na tangu 2021 tuzo ya juu kabisa ya michezo nchini humo ina jina lake.

#18 Kijana wa Ilala

Lakini nishani kuu ya taifa, Bharat Ratna, hajapewa? Nakumbuka Tendulkar alipopewa palikuwa na kelele.

#19 Mzee wa Chumbageni

Hajapewa. Tendulkar ndiye mwanamichezo wa kwanza kuipata, ilitangazwa Novemba 2013, na wapenzi wa magongo walitaka Dhyan awe wa kwanza. Simlaumu Tendulkar, naye ni fundi. Ila mimi naona ilipaswa kuanza kwa yule aliyecheza kabla ya kuwa na taifa la kumpa nishani. Na zaidi ya nishani, ningependa mtu angemhamishia chumba cha peke yake mwaka 1979.

#20 Mwalimu Kihonda

Mzee, samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi ni mwalimu wa michezo, Morogoro. Stoo ya shule yetu kuna magongo sita ya zamani, sijui aliyaleta nani, hayana anayeyagusa. Nimesoma uzi huu mpaka saa sita usiku. Kesho nataka niwatoe watoto, lakini mimi mwenyewe sijawahi kucheza. Nianzie wapi?

#21 Mzee wa Chumbageni

Mwalimu, umenifanyia jambo kubwa leo.

Kwanza yakague, lenye ufa weka pembeni, litamuumiza mtoto. Tafuta mpira wowote mgumu wa ukubwa wa chungwa dogo, hata wa tenisi kwa siku za mwanzo. Mkono wa kushoto ushike juu kabisa ya mpini, wa kulia chini yake, wazi kidogo. Wa kushoto ndio unaogeuza gongo, wa kulia unaliacha lizunguke ndani ya kiganja. Uso bapa tu ndio unaogusa mpira, wakumbushe hilo kila dakika. Mpira uwe mbele ya mguu wa kulia.

Wiki ya kwanza usiwaruhusu kupiga kabisa. Watembee tu na mpira, kulia, geuza, kushoto, geuza, kulia. Wakishaweza kutembea bila kuuangalia muda wote, waache wakimbie. Kiwanja cha udongo kinafaa, usikionee aibu, kitoe mawe tu.

Nipo Tanga, nina magongo mawili yangu na mipira mitatu. Mwezi ujao nina safari ya Dodoma, nitapita Morogoro. Nitumie namba yako kwenye ujumbe wa faragha, nitakuletea.